Kilichopotea na Kilichohama

Mwaka 1876, mjini Vienna, Josef Loschmidt alimwekea rafiki yake Ludwig Boltzmann swali ambalo wanafizikia hawajaliacha mpaka leo. Miaka minne kabla ya hapo Boltzmann alikuwa amechapisha hoja nzito ya kihesabu iliyoeleza kwa nini gesi iliyovurugika haijipangi upya yenyewe. Molekuli zinapogongana, alisema, mpangilio wao wa awali hutoweka, na kipimo cha mvurugo huo, entropia, hupanda bila kushuka. Loschmidt hakuwa mbishi wa kubishia kila kitu. Ndiye aliyekadiria ukubwa wa molekuli za hewa mwaka 1865, na Boltzmann alimheshimu sana. Lakini katika hoja ya rafiki yake aliona ufa. Sheria za mwendo hazibagui wakati uendao mbele na wakati urudio nyuma. Basi tuseme, kwa nukta moja, tumeugeuza mwendo wa kila molekuli, iliyokuwa ikienda kulia sasa iende kushoto kwa kasi ileile. Je, gesi yote haitarudi ilikotoka, hatua kwa hatua, huku entropia ikishuka?

Boltzmann alijibu mwaka 1877. Hali zenye mpangilio, alieleza, ni chache mno zikiwekwa kando ya hali zilizovurugika, kwa hiyo gesi huangukia kwenye mvurugo kwa sababu njia za kufika huko ni nyingi kupita kiasi. Hoja hiyo ndiyo chimbuko la fomula iliyochongwa juu ya kaburi lake. Lilikuwa jibu kubwa, lakini swali la Loschmidt lilibaki na mzizi wake. Yeye aliulizia hatima ya taarifa yenyewe: habari za hali ya awali zimefutika kweli, au zingalipo, zimetawanyika tu ndani ya mienendo ya molekuli ambazo hakuna jicho liwezalo kuzifuata?

Historia ya swali hilo imepita Vienna, St. Petersburg, Urbana, Stockholm, Garching, Turku na Hefei, na imechukua zaidi ya miaka 130. Ninaisimulia hapa kwa sababu naamini imetufundisha jambo ambalo kila msomi, awe wa fizikia au wa fani nyingine, anapaswa kulijua: mengi tuliyoyaita hasara yalikuwa uhamisho.

Hesabu ya kusahau

Boltzmann alifariki mwaka 1906. Mwaka huohuo nchini Urusi, Andrey Markov, mwanahisabati wa St. Petersburg aliyejulikana kwa ulimi mkali, alichapisha makala ambayo baadaye ingelipa jina lake suala hili lote. Ugomvi wake haukuhusu gesi. Alikuwa akimpinga Pavel Nekrasov wa Moscow, aliyedai kwamba wastani wa matukio hutulia pale tu matukio hayo yasipotegemeana, na aliyetumia dai hilo kutetea hiari ya binadamu. Markov alijenga mnyororo wa matukio ambamo kila tukio linategemea lililolitangulia, kisha akathibitisha kwamba wastani wake unatulia vilevile.

Tarehe 23 Januari 1913 aliwapelekea wanachama wa Akademia ya Sayansi mfano ulio hai. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akazihesabu kwa mkono: irabu 8,638, konsonanti 11,362. Halafu akatazama jinsi herufi moja inavyoifuata nyingine. Baada ya irabu, uwezekano wa kukutana na irabu nyingine ulikuwa 0.128. Baada ya konsonanti uliruka hadi 0.663. Kuijua herufi moja tu kulitosha kubadili ubashiri wa herufi inayofuata.

Katika mnyororo wa Markov, leo inatosha kuibashiri kesho. Jana haina neno la kuongeza. Ndiyo maana wanasayansi waliokuja baadaye, walipotaka kuueleza mchakato usiobeba historia yake, waliuita mchakato wa Markov. Yeye alikuwa akionyesha kwamba matukio hutegemeana, na jina lake likaishia kuwa alama ya kusahau.

Mfumo usio na ukuta

Fizikia ya kwanta ilipokomaa katika miaka ya 1920, ilileta ahadi nzito. Kwa mujibu wa mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926, mfumo uliofungwa kabisa, usioguswa na chochote cha nje, haupotezi hata chembe ya taarifa. Ukiijua hali yake ya sasa kikamilifu, unaweza kukokotoa ilivyokuwa jana na itakavyokuwa kesho.

Shida ni kwamba mfumo wa namna hiyo haupo maabarani. Atomu huguswa na mwanga unaopita. Elektroni huguswa na viini vya atomu vilivyo jirani. Sumaku ya maabara yenyewe haina nguvu ileile kila mahali. Mfumo unaobadilishana nishati na taarifa na mazingira yake huitwa mfumo wazi. Unapogusana na mazingira, hali zao hufungamana, na taarifa iliyokuwa ndani ya atomu peke yake sasa hukaa katika uhusiano kati ya atomu na vitu vingi visivyohesabika vinavyoizunguka. Anayeitazama atomu tu, huona ule mwafaka wa mawimbi unaoifanya iwe kitu cha kwanta ukififia. H. Dieter Zeh wa Heidelberg aliandika kuhusu mchakato huo mwaka 1970, Wojciech Zurek akauendeleza miaka ya 1980, na leo unaitwa dekoherensi.

Lakini kabla haujapewa jina, watu wa maabara walikuwa wamekwisha kukutana nao. Mwaka 1946 Felix Bloch akiwa Stanford na Edward Purcell akiwa Harvard walichapisha, kila mmoja na wenzake, njia ya kuvifanya viini vya atomu vitoe sauti ya redio. Kiini cha haidrojeni, yaani protoni, ni kama sumaku ndogo. Kikiwekwa ndani ya uga wa sumaku wa tesla 1, huyumba kuzunguka mwelekeo wa uga huo takriban mara milioni 42.6 kwa sekunde. Mapigo ya redio yenye kasi hiyohiyo huviinamisha viini vyote kwa pamoja, navyo huimba kwa mkupuo mmoja. Kisha sauti hufifia. Bloch aliandika milinganyo yenye nyakati mbili za kufifia: mmoja wa viini kurudisha nishati yao, na mwingine wa viini kupoteza mwafaka baina yao. Huo wa pili ndio uliobeba kisa chetu. Wengi waliridhika kuuona kama mwisho wa habari.

Mwangwi wa Urbana

Erwin Hahn alizaliwa Pennsylvania mwaka 1921. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa katika jeshi la majini la Marekani akifundisha rada na sona, kazi iliyomzoesha kurusha pigo fupi la mawimbi na kusubiri lirudi. Vita vilipoisha alikwenda Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1949. Wakati wengi waliotafiti viini walitumia mawimbi ya redio yasiyokatika, Hahn alitumia mapigo mafupi: piga, zima, sikiliza.

Mwaka huo wa 1949 aliona kwenye oskiloskopu ishara ambayo haikupaswa kuwapo. Alikuwa amepiga mara mbili, mapigo yametengwa na muda mfupi, na sauti ya viini ilikuwa imekwisha kufifia baada ya kila pigo. Halafu, wakati hakuna pigo lolote linalorushwa, ishara ikainuka yenyewe kwenye kioo na kushuka tena. Kwanza alidhani ni hitilafu ya kifaa. Ilipojirudia baadaye, aliacha kuilaumu mitambo, akaanza kuichunguza. Akagundua kwamba ilitii saa: muda uliotenganisha pigo la kwanza na la pili ulikuwa sawasawa na muda kati ya pigo la pili na ishara hiyo. Makala yake ya mwaka 1950 iliitambulisha kwa jina la mwangwi wa spini, spini ikiwa ile tabia inayokifanya kiini kiwe kama sumaku ndogo.

Maelezo yake yamefundishwa tangu hapo kwa mfano wa wakimbiaji, na jarida la Physics Today liliweka wakimbiaji hao kwenye jalada lake la Novemba 1953. Kundi la wanariadha linaanza mbio kwenye uwanja wa mviringo kwa wakati mmoja. Wana kasi tofauti, kwa hiyo baada ya muda wametawanyika, na anayetazama kwa mbali haoni tena kundi. Refa anapuliza filimbi: kila mmoja ageuke, arudi kwa kasi yake ileile. Aliyekuwa mbele ana njia ndefu ya kurudi, lakini ana mbio. Aliyekuwa nyuma ana njia fupi, lakini ni mzito. Wote wanafika mstari wa kuanzia kwa pamoja. Kila kiini katika chombo cha Hahn kilikuwa na kasi yake kwa sababu sumaku ilikuwa na nguvu tofauti kidogo mahali hadi mahali, na pigo la pili lilifanya kazi ya filimbi. Hahn alitumia mapigo mawili yanayolingana. Mwaka 1954 Herman Carr na Purcell walionyesha kwamba pigo la pili likiwa na ukubwa maradufu ya la kwanza, mgeuko unakuwa kamili.

Hapa tuutazame uzito wa tukio hili. Katikati ya mapigo yale mawili, kipimo chochote cha sauti ya viini kingeonyesha kwamba mpangilio umekwisha. Mwanasayansi makini angeandika kwenye daftari lake: taarifa imepotea. Angekuwa amekosea. Kila kiini kilikuwa bado kinashika hesabu ya jinsi kilivyoachana na wenzake, na kwa kuwa tofauti za sumaku hazikubadilika, hesabu hiyo iliweza kufanywa kinyumenyume. Kile ambacho Loschmidt alikiwaza tu mwaka 1876, Hahn alikifanya kwa mapigo mawili ya redio.

Hahn hakuficha mpaka wa ugunduzi wake. Alivyozidi kuyatenganisha mapigo, ndivyo mwangwi ulivyozidi kudhoofika, na alieleza sababu: molekuli za kimiminika hutangatanga, kwa hiyo kiini hakikai mahali penye sumaku ileile mpaka mwisho. Mkimbiaji aliyebadili kasi katikati ya safari hafiki kwa wakati. Tangu siku hiyo, neno moja la kupotea liligawanyika mara mbili: kuna mpangilio unaofichika na kuweza kurudishwa, na kuna mpangilio ambao chombo ulicho nacho hakiwezi kuurudisha.

Mpaka baina ya mambo hayo mawili nao ulisogea. Kwa miaka 20 wengi waliamini kwamba katika yabisi, ambamo kila kiini kinavutana na majirani wengi kwa mpigo, hakuna filimbi inayoweza kusaidia. Mwaka 1970 na 1971 Won-Kyu Rhim, Alexander Pines na John Waugh wa MIT walibuni mfululizo wa mapigo uliofanya mvutano wenyewe uonekane kana kwamba umegeuzwa alama, chanya kuwa hasi. Mwangwi ukainuka kutoka katika mvurugo uliodhaniwa umekwisha kuiva kabisa.

Sheria ya mwaka 1976

Upande wa nadharia ulikuwa umechukua njia nyingine. Sadao Nakajima mwaka 1958 na Robert Zwanzig mwaka 1960 waliuliza: ukianza na mfumo na mazingira yake kwa pamoja, kisha ukayaondoa mazingira kwenye hesabu, unabakiwa na mlinganyo gani? Jibu lao lilikuwa la kweli na la kutisha. Mlinganyo unaobaki hubeba historia yote ya mfumo. Badiliko la sasa linategemea hali ya sasa pamoja na zote zilizopita, kila moja na uzito wake. Kumbukumbu haikuongezwa na mtu, ilikuwamo tangu mwanzo. Ila mlinganyo huo karibu haukokotoleki.

Njia ya kutokea ilikuwa kudhani kwamba mazingira husahau haraka. Ikiwa ni makubwa, yanashughulika kwa kasi, na yanaugusa mfumo kwa wepesi, kinachoingia humo hutawanyika kabla hakijapata nafasi ya kurudi. Hapo uzito wa yaliyopita hufutwa, na Markov anaingia. Mwaka 1976 kazi mbili zilizofanywa kando kando zilitoa umbo kamili la mlinganyo wa namna hiyo: moja ya Göran Lindblad wa Stockholm, nyingine ya Vittorio Gorini wa Italia, Andrzej Kossakowski wa Poland na George Sudarshan, mzaliwa wa Kerala nchini India aliyekuwa akifundisha Texas. Walithibitisha kwamba kusahau kusiko na kumbukumbu kunakubaliana na kanuni za kwanta kwa sura moja tu, nao wakaiandika.

Mlinganyo huo umefanya kazi kubwa. Leza, mwanga unaotolewa na atomu, vipokezi vya fotoni, vyote vimeelezwa kwa usahihi kwa kuutumia, na hakuna anayesoma mifumo wazi ambaye hakuanzia hapo. Hasara yake ilikuja polepole, kwa mazoea. Kilichokuwa dhana ya kurahisisha hesabu kilianza kuchukuliwa kama tabia ya maumbile. Mfumo wazi ukawa kwa wengi ni mfumo unaovuja upande mmoja tu, na mazingira yakawa kaburi la taarifa.

Kufa na kufufuka

Tayari kulikuwa na ushahidi uliopinga mazoea hayo. Mwaka 1963 Edwin Jaynes na Fred Cummings waliandika kielelezo chepesi kuliko vyote: atomu moja yenye hali mbili, ndani ya chumba kidogo chenye mwanga wa aina moja. Mwaka 1980 Joseph Eberly, N. B. Narozhny na J. J. Sanchez-Mondragon walikifuata kielelezo hicho kwa muda mrefu zaidi na kukuta tabia ya ajabu. Atomu hupokezana nishati na mwanga, kwenda na kurudi, mpaka mapokezano hayo yanafifia na kutulia kabisa. Baada ya utulivu mrefu huanza tena yenyewe. Sababu iko katika fotoni. Mwanga huja kwa vipande vizima vinavyohesabika, kila idadi ya fotoni ina mdundo wake, na midundo hiyo ikishatengana hufika wakati ikakutana tena.

Mwaka 1987 Gerhard Rempe, Herbert Walther na Norbert Klein waliliona jambo hilo kwa vipimo huko Garching, Ujerumani, wakitumia atomu za rubidi zilizopita mojamoja ndani ya chumba cha metali kilichopoozwa sana. Kufifia kulikuwapo, na kufufuka kulikuwapo. Mjini Paris, kundi la Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, lilipiga hatua nyingine. Mwaka 1996 liliweka uga wa mawimbi, ndani ya chumba kama hicho, katika hali mbili kwa pamoja, na kuutazama mwafaka wa hali hizo ukififia hatua kwa hatua. Kadiri hali mbili zilivyotofautiana zaidi, ndivyo ulivyofifia upesi. Mwaka uliofuata Haroche na wenzake walipendekeza kukiunganisha chumba hicho na cha pili, ili mwafaka utoke na kurudi, uonekane ukienda kwa jirani na kurejea nyumbani. Haroche alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na David Wineland.

Kuipima kumbukumbu

Kufikia mwaka 2008 hakukuwa tena na shaka kwamba kumbukumbu ipo. Kilichokosekana ni kipimo. Mtu akikuletea mfumo wazi na kukuuliza ikiwa mazingira yake yanakumbuka, na kwa kiasi gani, utamjibu nini? Michael Wolf, Jens Eisert, Toby Cubitt na Ignacio Cirac walitoa jibu moja mwaka huo. Mwaka 2010 Ángel Rivas, Susana Huelga na Martin Plenio wakatoa jingine lililotumia ufungamano wa kwanta. Katikati yao, Novemba 2009, likachapishwa lile lililoshika mawazo ya wengi, la Heinz-Peter Breuer wa Freiburg pamoja na Elsi-Mari Laine na Jyrki Piilo wa Turku, Finland.

Wazo lao linaweza kuelezwa bila hesabu nyingi. Nikupe mfumo ulioandaliwa kwa mojawapo ya namna mbili, nawe ukisie ni ipi. Nadharia iliyojengwa na Carl Helstrom inasema uwezo wako bora kabisa wa kupatia unategemea namba moja, umbali kati ya hali hizo mbili. Umbali ukiwa 1, utapatia kila mara. Ukiwa 0, huna lolote zaidi ya kubahatisha, nusu kwa nusu. Sasa uachie mfumo huo ukae na mazingira yake. Katika kila mchakato wa Markov, umbali huo hushuka au husimama, haupandi kamwe, kwa kuwa taarifa inatoka tu. Kwa hiyo, walisema watatu hao, ukiona umbali umepanda hata kwa muda mfupi, ujue taarifa imerudi kutoka kwenye mazingira. Jumlisha mipando yote, na umeipima kumbukumbu.

Vipimo hivi havikubaliani kila mahali, na mjadala haujafungwa. Mwaka 2011 Dariusz Chruściński, Kossakowski na Rivas walionyesha hali ambamo kipimo kimoja kinasema kumbukumbu ipo na kingine hakiioni. Jina la Kossakowski hapo ni la kuzingatiwa. Mmoja wa walioandika sheria ya kusahau mwaka 1976 alikuwa, miaka 35 baadaye, miongoni mwa waliochunguza mahali sheria hiyo inapoishia. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya elimu.

Kipimo cha Breuer, Laine na Piilo kilijaribiwa upesi. Mwaka 2011 kundi la Bi-Heng Liu na wenzake huko Hefei, China, likishirikiana na watatu hao, lilitumia fotoni. Mfumo ulikuwa uelekeo wa mtikisiko wa mwanga, mazingira yakawa masafa ya fotoni ileile, na vipande vya kwatsi vikaviunganisha viwili hivyo. Kila sehemu ya masafa iliuzungusha uelekeo kwa kiasi chake, na mwafaka ukafifia. Lakini watafiti waliweka njiani kipande chembamba kinachochuja masafa, nacho waliweza kukiinamisha. Kwa mwinamo fulani masafa yalikuwa na kilele kimoja, na umbali kati ya hali mbili ulishuka moja kwa moja. Kwa mwinamo mwingine yalikuwa na vilele viwili, na umbali ule, baada ya kushuka, ukapanda tena. Kwa kuinamisha kipande kimoja, waliyageuza mazingira kutoka yanayosahau hadi yanayokumbuka, na kurudi.

Katika kipindi hichohicho swali la msingi zaidi lilipata jibu. Mwaka 2007 Samuel Braunstein na Arun Pati walithibitisha kwamba taarifa ya kwanta ikitoweka kabisa kwenye mfumo, haiwezi kujificha katika uhusiano kati ya mfumo na mazingira peke yake, ni lazima iwe imehamia mazima upande wa mazingira, nako inaweza kupatikana. Mwaka 2011 Pati, pamoja na Jharana Rani Samal na Anil Kumar, walilijaribu hilo Bangalore kwa viini vya atomu na mapigo ya redio, yaani kwa sanaa ileile aliyoianzisha Hahn. Taarifa iliyofutwa mahali pamoja ilikutwa mahali pengine.

Mavuno

Matunda ya historia hii yameshafika kwa wagonjwa wetu. Paul Lauterbur alichapisha mwaka 1973 picha za kwanza zilizopigwa kwa kutumia sumaku za viini, njia inayoitwa leo MRI, Peter Mansfield akaharakisha upigaji wake, na wawili hao wakapewa Nobel mwaka 2003. Katika kila kipimo cha MRI kinachofanywa kwa mwangwi wa spini, Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko, mashine hupiga viini vya haidrojeni mwilini, huviacha vitawanyike, huvigeuza, na kuusikiliza mwangwi. Tofauti ya kufifia kwa mwangwi kati ya tishu moja na nyingine humwonyesha daktari uvimbe ulipo.

Mavuno mengine yanakuja kwenye kompyuta za kwanta, ambazo adui yao mkubwa ni dekoherensi. Peter Shor alionyesha mwaka 1995 jinsi taarifa moja inavyoweza kusambazwa kwenye chembe tisa ili kosa la chembe moja lirekebishike. Mwaka 1998 Lorenza Viola na Seth Lloyd waliigeuza filimbi ya Hahn kuwa kinga: mapigo mengi ya haraka, kabla mazingira hayajapata nafasi ya kuvuruga. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard waliripoti kwamba mwafaka wa spini za elektroni ndani ya kipande cha semikondakta ulidumu nanosekunde 10 hivi, na kwa mwangwi ukapita mikrosekunde 1. Mwaka 2011 kundi la Amir Yacoby, Harvard pia, likaufikisha zaidi ya mikrosekunde 200 kwa mfululizo wa mapigo. Na katika almasi, mwaka 2006, watafiti walikuta mwangwi wa elektroni moja ukifa na kufufuka kwa mdundo wa viini vya kaboni-13 vinavyoizunguka, ambavyo ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Mazingira yale hayakuwa kelele tupu. Yalikuwa na mdundo, na aliyeujua aliweza kurejeshewa chake.

Haifai kutia chumvi. Mazingira makubwa yenye vitu vingi mno hayarudishi kila yalichopokea. Kahawa iliyokwisha kuchanganyika na maziwa haitajitenga, na Boltzmann yuko sahihi leo kama alivyokuwa mwaka 1877. Kurejesha taarifa kunadai mambo matatu kwa pamoja: kuyajua mazingira, kufika kabla hayajabadilika, na kuwa na chombo cha kugeuza mwendo. Moja likikosekana, hasara ni hasara.

Lakini historia hii imetupa hukumu ambayo haiwezi kutenguliwa kwa urahisi. Tangu Loschmidt hadi Hefei, kila mara mpaka wa kisichorudishika ulipopimwa upya, ulikutwa umewekwa karibu mno. Walioridhika kuandika kwamba taarifa imepotea walikuwa wakieleza udogo wa vyombo vyao. Wanafunzi wa fizikia wanaosoma haya Afrika Mashariki wachukue funzo la Hahn pamoja na milinganyo yake: ishara isiyotarajiwa isifutwe mpaka imeulizwa inatoka wapi. Na neno kupotea liandikwe mwisho, baada ya kutafuta kilikohamia.